Albamu mpya za blugrasi za 2024 na 2025: mpenzi wa kantri aanzie wapi?

MwanaBonde (Nakuru)

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wa wale wanaoufuatilia muziki wa akustika wa Marekani kwa karibu kuliko mimi. Nimelelewa na kantri, kama walivyolelewa wengi wa huku Bonde la Ufa: Jumapili redioni ilikuwa Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton, na mpaka leo sijaona sababu ya kuwaacha. Miezi michache iliyopita binti yangu alinionyesha video ya Billy Strings akiwa jukwaani na wenzake wanne, bila ngoma wala kinanda, wakiwa na gitaa, banjo, mandolini, fidla na ile besi kubwa ya kusimama. Walikuwa wakipiga kwa kasi iliyonifanya nirudishe video nyuma ili nihakikishe kwamba haikuharakishwa. Nikaambiwa kwamba huo ndio muziki unaoitwa blugrasi.

Nilitafuta albamu yake ya Highway Prayers, iliyotoka Septemba 2024, nikaisikiliza nyimbo zote 20. Nilizifurahia baadhi, lakini nilipofika katikati vyombo vilianza kunichanganya: nasikia nyuzi nyingi zikikimbia kwa pamoja, siwezi kusema ni nani anafanya nini, na wimbo wa kumi na mbili ukawa hauna tofauti na wa tano. Sijui kama kasoro ni ya sikio langu au ya albamu yenyewe. Kwa hiyo nauliza: katika albamu zilizotoka 2024 na 2025, ni zipi ambazo mtu aliyezoea kantri ya kuimbwa taratibu anaweza kuanza nazo, na kwa sababu gani? Naomba pia mnieleze kwa nini baadhi ya albamu zinazowekwa kapu moja na blugrasi hazifanani nayo hata kidogo. Sihitaji orodha ndefu. Albamu nne au tano zenye maelezo zitanifaa kuliko hamsini zisizo na maelezo.

Nyuzi_Tano (Dar es Salaam)

Ndugu MwanaBonde, sikio lako halina kasoro, na albamu nayo haina kasoro kubwa, ila umeanza na iliyo ngumu.

Muziki huu hauna mpiga ngoma, lakini kazi ya ngoma ipo. Wamegawana wapiga nyuzi. Besi hushika pigo la kwanza na la tatu. Mandolini hujibu katika pigo la pili na la nne kwa namna hii: mpigaji huzipiga nyuzi zote nane kwa mkupuo mmoja, na papo hapo hulegeza vidole vya mkono wa kushoto ili sauti ikatike kabla haijalia, kisha kinachobaki ni "chak" kavu tu. Hiyo "chak" ndiyo ngoma yako. Gitaa hujaza katikati, banjo humimina noti mfululizo kwa vidole vitatu vilivyovalishwa kucha za bandia, yaani gumba, cha shahada na cha kati, na fidla huimba kwa sauti ndefu juu ya vyote. Mwimbaji akimaliza ubeti, chombo kimoja hupewa zamu ya kuongoza na vingine hushusha sauti mara moja. Ukishaweza kuisikia "chak" ya mandolini na kujua zamu ni ya nani, vurugu unayoilalamikia itapungua sana.

Mgawanyo huo ulikamilika Desemba 1945, Earl Scruggs alipojiunga na banjo yake katika bendi ya Bill Monroe iliyoitwa Blue Grass Boys, ambayo ndiyo iliyoupa muziki huu jina, na ambayo ilikuwa ikipiga katika kipindi cha redio cha Grand Ole Opry jijini Nashville. Monroe mwenyewe alishika mandolini, Lester Flatt gitaa, Chubby Wise fidla na Howard Watts besi. Kikosi hicho kilivunjika mwaka 1948, lakini bendi uliyoiona katika video ya binti yako ina vyombo vilevile vitano, wala hakuna aliyeona haja ya kuvibadilisha. Enzi zile walizunguka kipaza sauti kimoja, hivyo mwenye zamu alilazimika kusogea mbele huku aliyemaliza akirudi nyuma bila kugonganisha shingo za vyombo. Bendi ya Del McCoury imeendelea na mtindo huo hadi zama zetu; tafuta video zao, utajifunza zamu kwa macho kabla ya kuzijua kwa masikio.

Kwa sababu hiyo napendekeza usianze na albamu maarufu zaidi wala iliyopata tuzo nyingi zaidi, bali uanze na ile yenye vyombo vichache. Iko moja ya Billy Strings huyohuyo akiwa na Bryan Sutton, inayoitwa Live at the Legion, iliyorekodiwa mbele ya watu katika ukumbi wa American Legion jijini Nashville Aprili 2024 na kutolewa Aprili 2025. Humo mna magitaa mawili na sauti mbili, basi. Nyimbo nyingi ni za kale, na wasikilizaji ukumbini wanasikika wakishangilia pale mmoja anapomtupia mwenzake zamu na mwenzake kuidaka bila kupoteza pigo. Sutton ni mkubwa kwa Strings kwa karibu miaka ishirini na upigaji wake ni safi, kila noti ikiwa imekatwa sawasawa. Strings ana haraka zaidi na huburuza baadhi ya noti kwa makusudi. Baada ya nyimbo tatu au nne utaweza kuwatofautisha hata ukifumba macho, na mtu anayeweza kuwatofautisha wapiga gitaa wawili hashindwi kutofautisha gitaa na mandolini.

Ndipo urudi kwa Highway Prayers. Aliitayarisha pamoja na Jon Brion, mtu anayejulikana zaidi kwa muziki wa pop na wa filamu, na hilo linaeleza kwa nini ndani yake mna tabaka nyingi za sauti, ukiwamo mlio wa injini ya gari katika mojawapo ya nyimbo. Albamu hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika chati ya Billboard ya mauzo ya albamu, jambo ambalo ni nadra mno kwa blugrasi, na ilistahili. Ila kwa maoni yangu ni ndefu kupita kiasi, na mhariri mwenye roho ngumu angeondoa robo yake bila mtu kulalamika. Wimbo wa vyombo vitupu uitwao Escanaba, jina la mji mmoja wa Michigan, jimbo alikokulia, ni mahali pazuri pa kujaribia sikio lako jipya, kwa kuwa hauna maneno ya kukushughulisha. Ile albamu yake nyingine ya 2024, Live Vol. 1, ndiyo iliyotwaa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya blugrasi Februari 2025, lakini nyimbo zake hutanuka kwa ubunifu wa papo kwa papo, na nadhani mtu wa Don Williams aiache kwanza.

Ya pili ningekupa A Tip Toe High Wire ya Sierra Hull, iliyotoka Machi 2025. Bi. Hull ni mpiga mandolini kutoka Tennessee, na mwaka 2016 alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya mpiga mandolini bora ya IBMA, chama cha kimataifa cha blugrasi. Albamu hii ameitoa mwenyewe bila kampuni kubwa nyuma yake. Ubora wake kwa mwanafunzi ni kwamba mandolini imewekwa mbele, kiasi kwamba unasikia ncha ya kucha ya plastiki ikigusa waya, na unaweza kufuatilia jinsi mkono mmoja unavyotoka kwenye "chak" na kuingia katika melodia bila mshono. Béla Fleck na Tim O'Brien wamealikwa humo, nao wana adabu ya wageni, hawamfuniki mwenyeji.

Kwa upande wa banjo nitasema neno moja tu: Earl Jam ya Tony Trischka, ya 2024. Trischka alipata kanda ambazo Earl Scruggs na John Hartford walijirekodi wakipiga nyumbani kwa starehe yao katika miaka ya 1980 na 1990, akazinakili zamu za Scruggs noti kwa noti, kisha akazipiga upya na wanamuziki wa sasa. Ni albamu mpya yenye vidole vya zamani ndani yake.

Mama_Kantri (Eldoret)

Nimesoma maelezo ya Ndugu Nyuzi_Tano kwa heshima, na sina ubishi na ufundi wake, lakini sikubaliani na mpangilio. Sisi tuliolelewa na kantri hatukuanza kwa kuhesabu mapigo. Tulianza kwa maneno, kwa kisa cha mtu aliyeachwa au aliyefiwa, na sauti iliyokibeba. Ukimpa mwenzetu magitaa mawili yanayoshindana atayasifu, kisha atarudi kwa Jim Reeves.

Mimi ningempitisha kwa Dolly Parton, ambaye tayari anamjua. Mwaka 1999 Dolly alitoa The Grass Is Blue, albamu nzima ya blugrasi, nayo ikamletea Grammy ya kundi hilo mwaka 2001. Najua ameomba albamu mpya, lakini sauti anayoifahamu ikiwa imezungukwa na vyombo asivyovifahamu itamfundisha mengi kwa wiki moja.

Baada ya hapo aingie Arcadia ya Alison Krauss na Union Station, iliyotoka mwishoni mwa Machi 2025. Bendi hii ilikuwa haijatoa albamu tangu Paper Airplane ya 2011, na katika miaka hiyo kumi na minne Dan Tyminski, aliyekuwa sauti yao ya kiume, aliondoka, nafasi yake ikachukuliwa na Russell Moore. Wengi walikuwa na wasiwasi. Sikilizeni wimbo wa Granite Mills, unaohusu moto uliokiteketeza kiwanda cha nguo mjini Fall River, Massachusetts, mwaka 1874, ambapo wengi wa waliokufa walikuwa wasichana na watoto waliokuwa wakifanya kazi kwenye ghorofa za juu. Moore anaimba kisa hicho bila kulia na bila kupaza sauti, kama shahidi aliyeitwa mahakamani, na vyombo vinamwachia nafasi. Hapo ndipo nilipoacha kuhesabu nani ameondoka na nani amekuja.

Kuna sababu nyingine ya kumpeleka huko. MwanaBonde, lile gitaa la kulalia linaloteleza nyuma ya Jim Reeves na Don Williams lina ndugu yake wa akustika anayeitwa dobro: gitaa lenye sahani ya chuma kifuani, ambalo mpigaji hulilaza na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole. Bingwa wake ni Jerry Douglas, na Jerry Douglas yumo ndani ya Union Station. Ukimsikia utajua uko kwa watu wenu.

Niseme pia lisilonifurahisha. Arcadia ni albamu ya huzuni kutoka mwanzo hadi mwisho, mapigo yake mengi ni ya taratibu, na anayetafuta ile kasi ya video ya binti yake hataipata humo isipokuwa kwa kuchungulia. Mimi hainisumbui.

Mkazi_wa_Durham (North Carolina, asili Tanga)

Wapendwa, naishi katika jimbo ambalo muziki huu unapigwa barabarani, na kwa miaka kadhaa, kuanzia 2013 hadi 2024, mkutano mkuu wa IBMA ulifanyika Raleigh, jirani kabisa na mimi, kabla haujahamia Chattanooga mwaka 2025. Napenda kujibu ile sehemu ya swali ambayo bado haijaguswa, yaani kwa nini baadhi ya albamu huwekwa pamoja na blugrasi ilhali hazifanani nayo.

Jibu ni kwamba blugrasi ni mtoto, na wazazi wake bado wako hai. Kabla ya redio kulikuwa na muziki wa fidla na banjo wa vijijini, uliopigwa kwa ajili ya kucheza. Humo hakuna zamu. Fidla na banjo hushika melodia moja kwa pamoja na kuizungusha mara nyingi mpaka wachezaji wachoke, kila mzunguko ukitofautiana kidogo tu na uliotangulia. Banjo yake haina ile sahani ya mbao ya nyuma inayoirusha sauti, nayo hupigwa kwa mgongo wa kucha ukishuka chini huku gumba likifuata, si kwa vidole vitatu vya Scruggs. Anayeusikiliza akisubiri zamu ya mtu atauona umekwama mahali pamoja, kumbe kuzunguka huko ndiko muziki wenyewe.

Albamu iliyo bora ya aina hiyo katika miaka hii miwili, na kwangu mimi bora kuliko zote zilizotajwa hapo juu, ni What Did the Blackbird Say to the Crow ya Rhiannon Giddens na Justin Robinson, iliyotoka Aprili 2025. Ina nyimbo na midundo 18 ya North Carolina, banjo na fidla, wakati mwingine na sauti. Hawakuirekodi studio. Walikwenda nje, penye nyumba ya marehemu Joe Thompson mjini Mebane, mpiga fidla aliyewafundisha wote wawili, na penye nyumba ya marehemu Etta Baker, mpiga gitaa na banjo, na pia katika jumba la iliyokuwa shamba la watumwa liitwalo Mill Prong. Ulikuwa mwaka 2024, ambapo vizazi viwili vya nyenze wanaokaa ardhini miaka 13 na miaka 17 vilitoka kwa wakati mmoja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1803. Kelele zao zimo ndani ya albamu. Mara ya kwanza nilidhani ni mkwaruzo wa kifaa changu. Kisha ndege akalia upande wa kulia, upepo ukapita, na fidla ikaendelea kana kwamba nyenze nao wamelipwa. Hakuna aliyejaribu kuwanyamazisha, na hilo ni uamuzi wa kisanii.

Naomba pia niongezee historia ya Ndugu Nyuzi_Tano, kwa sababu ukianzia 1945 unawaacha nje watu wengi. Banjo ilitengenezwa na Waafrika waliouzwa utumwani katika visiwa vya Karibi na Amerika, kwa kufuata vyombo vya Afrika Magharibi vya kibuyu na ngozi, kama vile akonting ya Wajola wa Senegambia. Bill Monroe mwenyewe, alipokuwa kijana huko Kentucky, alipiga muziki katika dansi pamoja na Arnold Shultz, mpiga gitaa na fidla Mweusi, na hakuficha kwamba alijifunza kwake. Shultz alifariki mwaka 1931 bila kurekodiwa hata mara moja. Giddens na Robinson, pamoja na Dom Flemons, walikutana kutokana na kongamano la wapiga banjo Weusi lililofanyika Boone, North Carolina, mwaka 2005, wakaunda Carolina Chocolate Drops, na albamu yao Genuine Negro Jig ikashinda Grammy ya muziki wa asili mwaka 2011. Aprili 2025, mwezi uleule albamu mpya ilipotoka, Giddens aliandaa tamasha la Biscuits & Banjos hapa Durham, na kundi hilo likapanda tena jukwaani pamoja.

MwanaBonde ana haki ya kutoipenda. Ni muziki mkavu, hauna dobro ya kumbembeleza mtu. Lakini kama anataka kusikia banjo ilikuwa nini kabla ya kuingia redioni, sidhani kama kuna albamu mpya inayomweleza vizuri zaidi.

Fidla_ya_Pwani (Mombasa)

Mmezungumzia mandolini, gitaa na banjo, na fidla mmeitaja kwa kupita tu, jambo ambalo mtu aliyekulia kwenye taarabu hawezi kulivumilia. Itafuteni Carter & Cleveland, ya Machi 2025, ya Jason Carter na Michael Cleveland. Carter alikuwa fidla ya bendi ya Del McCoury kwa zaidi ya miaka thelathini. Cleveland, wa Indiana, ni kipofu tangu kuzaliwa, na ameshinda tuzo ya IBMA ya mpiga fidla bora mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Wanapopiga fidla mbili kwa pamoja, mmoja akishika melodia na mwingine akiifuata kwa sauti ya juu yake, zinakaribiana hadi huwezi kupitisha karatasi katikati. Siongezi neno.

MwanaBonde (Nakuru)

Ahsanteni sana, kila mmoja. Nimeanza na Live at the Legion, na ni kweli kwamba sasa nawatofautisha wale wawili. Sutton namtambua kwa utulivu wake. Mama_Kantri naye alikuwa sahihi kuhusu dobro, nimeisikia katika wimbo wa kwanza kabisa wa Arcadia nikatabasamu peke yangu. Ile ya nyenze nimeisikiliza mara moja, na nakiri kwamba bado sijaielewa, ila sijaifuta.

Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza: nimeona Molly Tuttle akitajwa kila mahali kuwa nyota wa blugrasi, nikafungua albamu yake ya Agosti 2025, So Long Little Miss Sunshine, nikakuta ngoma na mpangilio unaokaribiana na pop. Je, hiyo bado ni blugrasi? La pili: niliambiwa kwamba yule Béla Fleck aliyetajwa katika albamu ya Sierra Hull aliwahi kupiga muziki Afrika Mashariki. Ni kweli, au ni maneno ya mtandaoni?

Nyuzi_Tano (Dar es Salaam)

Kuhusu Molly Tuttle, mtayarishaji wa albamu hiyo ni Jay Joyce, ambaye kazi zake nyingi ni za kantri ya kisasa na roki, na Tuttle hakuwa akijaribu kumdanganya mtu: alitaka kutoka nje kidogo. Gitaa lake bado ni lilelile. Mwaka 2017 alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya IBMA ya mpiga gitaa bora, na mkono wake wa kulia unasikika hata chini ya ngoma. Lakini kama unataka blugrasi yake, rudi nyuma hadi Crooked Tree ya 2022, aliyoitayarisha pamoja na Jerry Douglas, au City of Gold ya 2023. Zote mbili zilishinda Grammy ya albamu bora ya blugrasi, na ya pili ndiyo ninayoirudia zaidi kwa sababu bendi ilikuwa imeshazoeana barabarani na unasikia kwamba hakuna anayemsubiri mwenzake.

Ubishi wa ngoma si mpya. Osborne Brothers waliingiza ngoma na vyombo vya umeme miongo kadhaa iliyopita, wakalaumiwa na wahafidhina, na leo wanahesabiwa miongoni mwa wakuu wa muziki huu. Kwangu mimi kipimo si ngoma kuwapo au kutokuwapo, bali ni kama mandolini bado ina kazi. Ngoma ikichukua pigo la pili na la nne, "chak" inakosa ajira, na kila chombo kingine kinalazimika kutafuta nafasi mpya. Katika So Long Little Miss Sunshine hilo limetokea, kwa hiyo mimi huisikiliza kama albamu nzuri ya pop yenye mpiga gitaa hodari.

Mama_Kantri (Eldoret)

Kama tatizo ni ngoma na unachotaka ni nyimbo, basi iongeze Woodland ya Gillian Welch na David Rawlings, ya Agosti 2024. Si blugrasi, na wenyewe hawajadai hivyo. Jina ni la studio yao ya Nashville, ambayo kimbunga cha Machi 2020 kiliing'oa paa huku wao wakiokoa kanda gizani. Ina nyimbo kumi, ilishinda Grammy ya albamu bora ya folk mwaka 2025, na Rawlings anapiga gitaa dogo la Epiphone la mwaka 1935 ambalo lina sauti nyembamba yenye ukali, tofauti kabisa na magitaa makubwa ya Strings na Sutton. Ngoma na nyuzi za kusindikiza zimo katika baadhi ya nyimbo, lakini zimewekwa mbali, nyuma ya zile sauti mbili. Mtu wa Don Williams ataielewa siku ya kwanza.

Mkazi_wa_Durham (North Carolina, asili Tanga)

Habari ya Béla Fleck ni ya kweli. Mwaka 2005 alisafiri na banjo yake Uganda, Tanzania, Gambia na Mali, akarekodi na wanamuziki wa huko, na safari hiyo ikazaa filamu na albamu, zote zikiitwa Throw Down Your Heart. Albamu ilitoka 2009 na kushinda Grammy mbili mwaka uliofuata. Nchini Tanzania alipiga na jamaa wa familia ya Zawose ya Bagamoyo na pia na Anania Ngoliga, mwimbaji asiyeona ambaye hupiga ilimba, ile ala ya vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, na mle Fleck na Ngoliga hujibizana, banjo na ilimba, kwa utani wa watu wawili ambao hawana lugha ya kuzungumza ila wanaelewana. Si albamu mpya na si blugrasi, lakini baada ya kuzoea zamu za Strings na Sutton utaona kwamba Fleck na Ngoliga wanafanya jambo lilelile: mmoja anatangulia, mwingine anashusha sauti na kungoja, na anapopewa nafasi anarudia alichoambiwa kabla ya kuongeza chake.

Uisikilize kwa spika au kwa visikizi vya kuziba masikio, kwa sababu spika ya simu huzimeza sauti za chini za ilimba, kama inavyoimeza besi katika zile albamu nyingine zote.